Tintin kama Mfumo: Nani Aliyesikika, na Baada ya Miaka Mingapi

Wahakiki waliokwisha kuandika juu ya "Tintin au Congo" wamegawanyika, kwa muda mrefu sasa, katika makundi mawili yanayojibizana pasipo kukutana. Kundi la kwanza husema kwamba kitabu hicho ni tusi kwa Wakongomani, na kwamba mchoraji wake alikuwa mbaguzi. Kundi la pili hujibu kwamba mchoraji huyo, Mbelgiji Georges Remi aliyejulikana kwa jina la Hergé, alikuwa kijana wa miaka 23 tu alipoanza kazi hiyo. Alikuwa mtoto wa zama zake, naye baadaye aliongoka. Makundi yote mawili yanashirikiana katika jambo moja: yanakitazama kitabu kimoja, na nyuma ya kitabu kimoja yanamtafuta mtu mmoja. Makala haya yanakusudia kushika njia nyingine. Tutaichukua jumla ya visa vya Tintin, vilivyoanza mwaka 1929 na kukoma kwa kifo cha mtungaji wake mwaka 1983, tuitazame kama mfumo mmoja ulio hai, wenye viingizo na vitokezo, wenye masikio mahali fulani na kiziwi mahali pengine. Kisha tutauliza Mkongomani alikuwa wapi katika mfumo huo.

Neno mfumo linahitaji kuelezwa, maana katika mazungumzo yetu hutumika kwa kila kitu. Nadharia ya mifumo, kama ilivyojengwa na akina Norbert Wiener (1948) na Ludwig von Bertalanffy (1968), inafundisha kwamba vitu vilivyofungamana hutenda kwa namna ambayo hakuna kimojawapo kingeweza kuitenda peke yake. Tuchukue mfano wa unga wa bukari hapa Lubumbashi. Mahindi yanapopungua, bei hupanda. Bei inapopanda, wachuuzi huvuka Kasumbalesa kwenda kutafuta mahindi Zambia. Malori yanapofika, bei hushuka, na wachuuzi nao hupunguza safari, hata upungufu unarudi tena. Hakuna mtu aliyepanga kupanda na kushuka huko. Anayetafuta mwenye hatia atamkamata mchuuzi wa kwanza atakayemkuta sokoni. Anayetazama mfumo atauliza maswali mengine: habari ya bei inamfikia nani, inapita njia gani, inachelewa siku ngapi, na nani anayekula bukari bila ya njaa yake kuhesabiwa popote.

Habari ile inayorudi kutoka kwenye tokeo na kubadili tendo lifuatalo ndiyo inayoitwa mrejesho. Upo mrejesho wa kukuza, unaosukuma jambo lizidi kwenda kulikokuwa likienda, na upo mrejesho wa kusawazisha, unaolivuta jambo lirudi kwenye kiasi. Tukiongeza hapo ukawiaji, yaani muda unaopita kati ya tendo na mrejesho wake, na mpaka, yaani mstari unaotenga kilichomo na kisichokuwamo, tunazo zana zote tutakazozihitaji. Hatudai kwamba Hergé aliijua nadharia hii. Mto nao haujui hesabu, lakini hesabu husaidia kuupima.

Tintin alizaliwa tarehe 10 Januari 1929 katika "Le Petit Vingtième", nyongeza ya watoto iliyotoka kila Alhamisi pamoja na "Le Vingtième Siècle", gazeti la Kikatoliki la Brussels lililoongozwa na padri Norbert Wallez. Kurasa mbili kwa juma: hicho ndicho kipimo cha kwanza cha mfumo wetu, nacho kiliacha alama kwenye umbo la hadithi. Yeyote anayevisoma visa vya mwanzo ataona kwamba kila baada ya kurasa mbili shujaa huwa ananing'inia juu ya korongo, au mdomo wa mamba u wazi mbele yake. Wengine wameona hapo udhaifu wa muundo. Sisi tunaona pigo la moyo wa gazeti: msomaji lazima arudi Alhamisi ijayo. Kisa kizima hakikuwa kimepangwa. Kila juma lilivuta juma lililofuata.

Kisa cha kwanza kilimpeleka shujaa katika nchi ya Wasovieti. Kilipokwisha, gazeti lilitunga igizo: tarehe 8 Mei 1930 kijana aliyevishwa kama Tintin aliteremka kwenye treni katika kituo cha Gare du Nord mjini Brussels, na umati wa watu ukaja kumlaki. Tuzingatie tukio hilo, kwa sababu hapo ndipo mrejesho wa kukuza ulipojionyesha waziwazi. Umati uliokuja kituoni ulimthibitishia mhariri kwamba chombo chake kinafanya kazi, na chombo kinachofanya kazi hakiachwi kikae bure. Hergé mwenyewe alitamani kumpeleka shujaa wake Marekani. Wallez akaamua Kongo kwanza, kwa maana alitaka watoto wa Ubelgiji waipende koloni. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Juni 1930, kurasa za kwanza za safari ya Kongo zilitoka. Kisa kiliendelea hadi Juni 1931, na mwaka huohuo kikawa kitabu.

Kijana huyo wa Brussels hakuwa amefika Kongo, wala hakufika kamwe maishani mwake. Viingizo vya hadithi yake, basi, vilikuwa vipi? Vilikuwa masimulizi ya wamisionari, makala ya magazeti, na Jumba la Makumbusho la Tervuren. Mtu-chui anayemshambulia Tintin kitabuni, mfuasi wa kile chama cha siri cha Anioto, alichukuliwa kutoka kwenye sanamu ya Paul Wissaert ya mwaka 1913 iliyokuwa Tervuren. (Jumba hilo lilipofunguliwa upya mwaka 2018, sanamu hiyo ilitengwa pamoja na nyingine zilizoondolewa katika maonyesho ya kudumu.) Maana yake ni kwamba mfumo ulikuwa ukijilisha wenyewe. Koloni ilizaa jumba la makumbusho, jumba likazaa picha, picha ikazaa wasomaji walioipenda koloni, na mapenzi hayo yakaendelea kulilipia jumba. Mnyororo huo ulikuwa na kila kitu isipokuwa mtu mmoja wa Kongo mwenye uwezo wa kusema: hapana, sivyo.

Mpaka wa mfumo nao ulichorwa kwa werevu, hata kama haukuchorwa kwa makusudi. Waovu wa kisa hiki ni watu wa Al Capone wa Chicago, wanaotaka kuitwaa almasi ya Kongo. Kwa hiyo almasi imo hadithini, lakini anayeitamani ni mgeni mhalifu kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Forminière, iliyoundwa mwaka 1906 na iliyokuwa ikichimba almasi hiyo Kasai, haimo. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka huohuo, na ambayo vinu vyake vya shaba vilikuwa vikitoa moshi hapa mjini tangu 1911, haimo pia. Kongo ya Tintin ni misioni, wanyama, kijiji na reli mbovu. Msomaji wa Katanga anayetafuta bomba la moshi katika kitabu hicho atakifunga bila ya kuliona. Donella Meadows, katika kitabu kilichotolewa mwaka 2008 baada ya kifo chake, anatukumbusha kwamba shabaha ya mfumo haijulikani kwa maneno ya wenyewe, bali kwa kile ambacho mfumo unakitenda mara kwa mara. Kwa kipimo hicho, haitupasi kuhangaika sana na nia za padri Wallez. Inatosha kutazama nini kilichorwa na nini kiliachwa nje.

Hadi hapa mtu anaweza kusema kwamba tumelirudia shtaka la kundi la kwanza kwa maneno ya kigeni. Faida ya njia hii inaonekana tunapokifikia kitabu cha tano, "Le Lotus bleu". Ilipotangazwa mwaka 1934 kwamba Tintin atakwenda China, padri Léon Gosset, mlezi wa kiroho wa wanafunzi Wachina wa Chuo Kikuu cha Louvain, alimwandikia Hergé kumwomba awe mwangalifu, maana wanafunzi wake wangesoma. Kutokana na barua hiyo Hergé alikutanishwa na Zhang Chongren, kijana Mchina aliyekuwa akisomea sanaa Brussels. Waliketi pamoja Jumapili kwa Jumapili. Zhang alimfundisha kushika brashi, akamweleza siasa za nchi yake, na maandishi ya Kichina yanayoonekana kwenye kuta na mabango ya kitabu hicho ni maandishi ya kweli yenye maana, mengine yakiulaani ubeberu wa Kijapani. Wahakiki huita jambo hilo kuongoka kwa Hergé. Kuongoka ni neno la moyoni, nasi hatuna haki ya kuukana moyo wa mtu. Lakini tukitazama ufundi wa jambo, kilichotokea ni kwamba waya uliunganishwa. Aliyechorwa alipata njia ya kumfikia mchoraji kabla wino haujakauka. Mtu ni yuleyule, kalamu ni ileile, gazeti ni lilelile la Alhamisi. Kilichobadilika ni njia ya mrejesho.

Kwa nini, basi, Mkongomani hakumpata Gosset wake? Jibu jepesi ni kwamba hakukuwa na wanafunzi Wakongomani. Ni kweli: Thomas Kanza, anayehesabiwa kuwa wa kwanza miongoni mwa walei wa Kongo kusoma katika chuo kikuu cha Ubelgiji, aliingia Louvain mwaka 1952, miaka zaidi ya ishirini baada ya kisa chetu. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, na chuo kikuu cha hapa Élisabethville mwaka 1956. Koloni ilikuwa imejenga mfumo ambamo msomaji wa aina ya Zhang asingeweza kuzaliwa.

Jibu hilo jepesi, hata hivyo, halitoshi. Sauti ilikuwapo. Paul Panda Farnana, bwana shamba aliyesomea Ulaya, alikuwa ameunda Union Congolaise mjini Brussels mwaka 1919. Alishiriki katika mkutano wa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika uliofanyika mwaka 1921, na hakuacha kuwaandikia Wabelgiji, kwa Kifaransa chao safi, juu ya elimu na haki za watu wake. Magazeti ya kikoloni yalimjua vema, yalimshambulia. Alifariki Matadi mwezi Mei 1930, majuma machache kabla ya Tintin kuanza safari yake ya Kongo. Tunaliona jambo hili kuwa zito kuliko michoro yote ya midomo minene ambayo imekwisha kulaaniwa. Kimya cha Mkongomani katika kitabu cha 1931 hakikutokana na ububu wake. Mtu mwenye kusema alikuwa umbali wa safari ya tramu kutoka kwenye meza ya mchoraji kwa miaka mingi, na hakukuwa na waya kati yao. Tena, kule kushambuliwa kwake magazetini kunatuonyesha kwamba waya ulikatwa; haukusahauliwa tu.

Tuje sasa kwenye marekebisho, kwa kuwa ni katika marekebisho ndipo mfumo hujifichua. Baada ya vita Casterman, mchapishaji wa vitabu hivyo, alikuwa ameshika utaratibu wa kurasa 62 za rangi, na visa vya zamani vikachorwa upya ili vitoshe. "Tintin au Congo" kilitoka kwa sura yake mpya mwaka 1946. Mabadiliko mawili yanastahili kutajwa. Katika toleo la kwanza Tintin anaingia darasani misioni na kuwafundisha watoto Wakongomani juu ya Ubelgiji, ambayo anaiita nchi yao. Katika toleo la 1946 somo hilo limegeuka hesabu ya kujumlisha. Na katika picha ya kwanza ya toleo jipya, kituoni, wanaonekana Dupond na Dupont, wale wapelelezi wawili ambao mwaka 1930 walikuwa hawajabuniwa. Hili la pili ni la kufurahisha: mfumo ulirudi nyuma ukaurekebisha utoto wake, ili mfululizo uonekane ulikuwa mmoja tangu mwanzo. Lakini hilo la kwanza limesifiwa kupita kiasi. Ubelgiji iliondolewa darasani kwa manufaa ya nani? Mtoto wa Ufaransa au wa Uswisi, ambaye kitabu kilikuwa kikimtafuta baada ya vita, hakuwa na haja ya somo la uzalendo wa Kibelgiji. Mkongomani wa darasani alibaki vilevile: Kifaransa chake kilibaki kibovu, na jumla ya mbili na mbili ilibaki fumbo kwake. Huo ni mrejesho wa kusawazisha katika hali yake safi kabisa, nao ulisawazisha mauzo.

Asiyeamini na atazame kifaru. Katika kitabu cha Kongo Tintin anawinda kama kichaa. Swala wanakufa kwa makumi, na kifaru anatobolewa ngozi ya mgongoni, anatiwa baruti, analipuliwa. Mwaka 1975 wachapishaji wa nchi za Skandinavia, ambao wasomaji wao walichukizwa na mateso ya mnyama, walimwomba Hergé aubadili ukurasa huo. Naye akaubadili: kifaru wa matoleo yao anasalimika. Kwa hiyo kifaru alipata mjumbe. Kutoka kwa mtoto wa Stockholm aliyehuzunika, kupitia kwa mchapishaji wake, hadi kwenye meza ya Brussels, njia ilikuwa wazi, na ukurasa mzima ukachorwa upya kwa ajili ya mnyama mmoja. Binadamu wa ukurasa wa jirani hawakuguswa. Hatusemi hivi ili kumdhihaki kifaru. Tunasema kwamba mfumo huu ulijua kusikia, na ulipotaka uliweza kujirekebisha kwa gharama ya kweli. Uziwi wake haukuwa wa maumbile.

Mara moja tu Mwafrika alipata waya, na hata hivyo si katika kitabu cha Kongo. "Coke en stock", kilichotoka mwaka 1958, kinasimulia habari ya mahujaji Waafrika wanaosafirishwa ili wauzwe utumwani wakidhani wanakwenda Maka. Nia ya kitabu ilikuwa kuulaani utumwa. Lakini mahujaji hao walizungumza Kifaransa kilekile cha kuvunjikavunjika cha mwaka 1931, na mwaka 1962 gazeti "Jeune Afrique", lililozaliwa Tunis miaka miwili kabla, likalaumu. Katika toleo la 1967 Hergé alirekebisha maneno yao. Ukawiaji: miaka tisa tangu kitabu kutoka, mitano tangu lawama. Swali la kimfumo ni hili: kwa nini marekebisho hayo hayakutiririka kurudi kwenye kitabu cha pili, kama walivyotiririka Dupond na Dupont? Njia ya kurudi nyuma ilikuwapo. Tumekwisha kuiona ikifanya kazi. Wapelelezi wawili wa kubuni walipita. Sarufi ya Wakongomani haikupita. Tunaweza tu kufikiri kwamba kufikia wakati huo kitabu cha Kongo kilikuwa kimekwisha kuhamishwa ndani ya mfumo, kutoka chumba cha vitabu vinavyosemwa kweli hadi chumba cha kumbukumbu za utoto. Nacho chumba hicho hakina mlango wa mrejesho, maana nani atayasahihisha mapenzi ya mtu ya alipokuwa na miaka saba?

Hatupendi kukaa muda mrefu kwenye vitabu vya katikati, ijapokuwa vina mengi. Yatosha kukumbusha kwamba kuingia kwa Kapteni Haddock, mlevi na mtukanaji, katika "Le Crabe aux pinces d'or" (1941), kulikuwa dawa ya ugonjwa wa kimfumo. Ross Ashby alionyesha mwaka 1956 kwamba chombo kinachotaka kuyamudu mambo ya namna nyingi hakina budi nacho kiwe na namna nyingi za kujibu. Tintin alikuwa na namna moja tu: wema. Haddock alileta hasira, uvivu, woga na toba. Mfululizo ukapata pumzi ya miongo mitatu zaidi. Yatosha pia kukumbusha jinsi mwendo ulivyopungua. Katika miaka ya 1930 kitabu kilitoka karibu kila mwaka. Kati ya "Vol 714 pour Sydney" (1968) na "Tintin et les Picaros" (1976) ilipita miaka minane. Kadiri studio ilivyotafuta usahihi wa kila gari na kila ndege, ndivyo kila ukurasa ulivyozidi kuwa mzito. Usahihi nao ni breki.

Kitabu kimoja, hata hivyo, hakiwezi kupitwa. "Les Bijoux de la Castafiore", cha mwaka 1963, ni kitabu ambamo mfululizo unajitazama kwenye kioo. Hakuna anayesafiri. Mambo yote yanatokea Moulinsart, nyumbani kwa Haddock, na yote ni habari zinazopotea njia. Simu za watu wanaomtaka mwenye bucha zinaingia nyumbani kwa Kapteni. Kasuku anarudia maneno pasipo maana. Magazeti yanatangaza ndoa isiyokuwapo. Ngazi ina kidato kilichovunjika, watu wanateleza mmoja baada ya mwingine, na fundi wa marumaru anaahidi kuja kesho, kila kesho. Mfaransa Michel Serres aliandika juu ya kitabu hiki mwaka 1970 akiona ndani yake fundisho kamili la mawasiliano na vizuizi vyake. Tunakubaliana naye, ila tunaongeza jambo ambalo kwetu ndilo kiini. Katika shamba la Haddock wamepiga kambi Waroma, wale watu wahamaji wa Ulaya, waliokaribishwa na Kapteni mwenyewe. Zumaridi inapopotea, polisi hawahitaji ushahidi: habari zote, hata zile zinazopingana, zinatiririkia kwenye kambi ile kama maji yanavyotafuta bonde. Mwizi ni ndege. Lakini ukweli unapopatikana Waroma wamekwisha kuondoka, na hakuna mjumbe wa kuwapelekea. Wapelelezi wanasikitika tu kwamba walikosa wahalifu wao.

Tukikisoma kipande hicho tukiwa na kitabu cha Kongo mkononi, tunakuta umbo moja. Kundi la watu limo ndani ya picha, linasemwa na wote, linahukumiwa, wala halina waya. Tofauti ni kwamba mwaka 1963 mchoraji anaujua mchezo na anauonyesha, ilhali mwaka 1930 alikuwa ndani yake. Mfumo ulikuwa umejifunza kuuona uziwi kwa jumla. Uziwi wake mahususi, ule wa kwetu, haukuutaja.

Pingamizi moja lazima lijibiwe. Tukisema mfumo ndio uliotenda, je, hatumwachilii kila mtu? Swali hili si la darasani tu. Mwaka 2007 raia mmoja wa Kongo aishiye Ubelgiji alikishtaki kitabu hicho, na mwaka 2012 mahakama za Brussels zikakataa ombi lake katika daraja mbili, kwa hoja kwamba hapakuwa na kusudi la kuchochea chuki. Sheria ilitafuta nia, na nia haikuonekana. Hatuna ugomvi na mahakimu juu ya sheria yao. Lakini mhakiki hana haja ya kuifuata mahakama kwenye uwanja huo mwembamba. Mfumo una watu waliosimama kwenye milango ya maji: Wallez alichagua nchi, mchapishaji alichagua ukurasa wa kubadili, na Hergé, ambaye katika mazungumzo yake na Numa Sadoul yaliyochapishwa mwaka 1975 alikiri kwamba alijaa maoni potovu ya watu wa mazingira yake, alibadili kifaru mwaka huohuo na kuwaacha watu. Mfumo haufuti lawama. Unaigawa, na kwa kuigawa unaifikisha kwa wengi ambao kesi ya mtu mmoja isingewafikia, tukiwamo sisi wasomaji tunaonunua.

Je, mrejesho wa Wakongomani haujafika kamwe? Umefika, lakini kwa njia ambayo hakuna mhariri aliyeitengeneza. Picha ya mwisho ya kitabu inaonyesha wanakijiji wakiwa wamechonga sanamu za Tintin na mbwa wake na kuziabudu. Leo, Kinshasa, wachongaji huchonga kweli sanamu za Tintin: amesimama, yumo ndani ya gari lake, Milou pembeni. Hawaziabudu. Wanazipaka rangi na kuwauzia Wazungu. Ile sanamu iliyochorwa Brussels kama ithibati ya ujinga wetu imekuwa bidhaa, na anayetoa fedha kwa ajili yake ndiye mtalii. Wengine wanaona katika biashara hiyo unyonge, kana kwamba mchongaji hajui anachokichonga. Sisi tunaona mtu aliyelichukua tokeo la mfumo wa wengine akaligeuza kiingizo cha jiko lake. Katika miaka ya 1980 Mongo Sisé naye alifanya jambo linalofanana na hilo kwa karatasi, alipompeleka Bingo wake Ubelgiji.

Limebaki neno moja, nalo ni la lugha yetu. Mchawi wa kitabu cha Kongo, adui mwenye hila anayemwonea Tintin wivu, anaitwa Muganga. Jina hilo ni neno la Kiswahili, na kila msomaji wa jarida hili analijua: mganga ni mwenye kuponya, na katika Kiswahili cha Kongo muganga, au munganga, ni daktari, hata yule aliyevaa koti jeupe la hospitali. Anayeroga ni mchawi, ni mlozi. Ndiye yule ambaye mganga huitwa kuja kumshinda. Kwa hiyo jina lilivuka bahari likiwa limegeuzwa ndani nje, na tangu 1931 limekaa hivyo katika kila toleo, rangi na bila rangi. Tena, katika kitabu hichohicho, Tintin anampa kwinini mgonjwa wa homa, mgonjwa anainuka, na mkewe anamsifu mgeni. Kwa Kiswahili, muganga wa hadithi hiyo ni Tintin mwenyewe. Mwenye jina na mwenye kazi wamebadilishana mahali, na ugomvi wao ni ugomvi juu ya nani aitwe nani, ingawa mtungaji hakujua kwamba ameuandika. Mfasiri atakayekipeleka kitabu hiki katika Kiswahili atakutana na tatizo hilo mara jina hilo litakapotokea kwa mara ya kwanza. Akiliacha jina lilivyo, mtoto wa Bukavu atasoma kwamba daktari anataka kumwua mgeni. Akiliandika Mlozi, atakuwa amefanya sahihisho la kwanza ambalo msemaji wa Kiswahili amewahi kulitia ndani ya mfumo huo.